Mtani wa Jumbe

Nilipomaliza masomo yangu ng'ambo ya ziwa nilirudi na sanduku la vitabu, suti moja, na swali lililokuwa limeninyima raha mwaka mzima. Mwalimu wetu wa historia alituuliza siku moja kwa nini watu wengi huwatii watu wachache. Wenzangu waliandika insha zao, wakapata alama, wakasahau. Mimi niliandika kurasa kumi na nane. Niliingiza bunduki, kodi, dini, mazoea na woga, na nilipoikabidhi ile insha nilijua bado sijajibu. Hata kwenye treni ya kuja pwani, mkaguzi wa tiketi alipotokea tu mlangoni, behewa zima tuliinua tiketi kabla hajafungua kinywa, nami nikamaliza vituo vitatu nikijiuliza ni nini hasa kilichoinua mikono yetu.

Nilipata kazi ya ukarani katika ofisi ya Bwana Shauri, Mzungu aliyesimamia vitongoji vya nje ya mji. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuhudhuria mabaraza ya majumbe, kusikiliza yanayosemwa, kisha kuyaandika kwa Kiingereza ili ayasome mezani kwake. Chumba nilipanga Temeke, kwa mzee mmoja Mnyamwezi aliyeshona magodoro ya sufi.

Mzee huyo alifika pwani wakati wa Mjerumani, kijana asiye na ndevu, na mzigo wa mtu mwingine kichwani. Msafara ulirudi bara, yeye akabaki. Alioa mwanamke Mzaramo wa hapo hapo Temeke, akajenga nyumba ya miti na udongo yenye paa la makuti, vyumba vitatu kila upande na ukumbi katikati, na tangu hapo hakurudi kwao. Aliwahi kumpa msafiri mmoja salamu awapelekee ndugu zake. Mwaka uliofuata msafiri alirudi nazo zile zile, akasema hakumkuta wa kumpa. Hayo nilielezwa na mkewe. Mzee mwenyewe hakuyataja.

Waliniita mwana wao tangu wiki ya kwanza. Mie ni mtu wa kuhangaika sana na mambo madogo. Nikimwamkia mtu shikamoo na akachelewa kuitikia, naweza kushinda siku nzima nikitafuta nimemkosea wapi. Mama aliligundua hilo mapema. Kila asubuhi alianza kuitikia marahaba kabla sijamaliza shikamoo, kisha ananiuliza nimeamkaje na kama ndoto zimenichosha. Mzee alikuwa akikaa uani juu ya mkeka, amezungukwa na lundo la sufi, nyuzi nyeupe zimemshika kwenye ndevu, na mimi nikirudi kazini nilikaa karibu naye nikachambua mbegu. Vidole vikiwa na kazi, kichwa changu kilitulia.

Jumbe wa eneo letu alikuwa Mzaramo mfupi, mnene, mtu aliyekwisha ingia uzeeni, aliyependa kanzu iliyopigwa pasi na tarbushi jekundu. Serikali ndiyo iliyomweka. Jina lake lilitangazwa barazani kabla sijazaliwa, au nilipokuwa mchanga, na tangu hapo alikuwa akipokea amri kutoka kwa Bwana Shauri na kuzifikisha kwa watu. Nilipomwona mara ya kwanza nilimweka moja kwa moja katika ile insha yangu, kwenye kurasa za woga na mazoea.

Siku ya baraza ninalotaka kulieleza, masika yalikuwa yanakaribia. Nyuma ya soko kulikuwa na bonde dogo lililojaa maji kila mwaka, maji yanakaa, mbu wanazaliana, watoto wanaugua homa. Amri ilikuwa kila nyumba itoe mtu mmoja na jembe, uchimbwe mfereji wa kuyatoa maji. Mwaka uliotangulia amri hiyo hiyo ilitolewa na watu hawakuja. Askari walipita nyumba kwa nyumba, wakakusanya wanaume kama wafungwa, mfereji ukachimbwa nusu na mvua ya kwanza ikaubomoa.

Basi tulikusanyika chini ya banda la bati kando ya soko. Jumbe alikaa kwenye kiti, mimi nikakaa pembeni na daftari langu. Alitangaza amri. Watu waliangalia chini, wengine waliangalia mlangoni. Jumbe alikohoa, akarudia amri kwa sauti kubwa zaidi, na vichwa vikazidi kuinama. Nilianza kutoka jasho kwa niaba yake.

Ndipo mwenye nyumba wangu, yule mshona magodoro, aliposimama nyuma kabisa.

"Nauliza tu," alisema. "Nani kamkalisha mtumwa wangu kwenye kiti?"

Aliwapita watu hadi mbele huku akieleza kwa sauti ya mtu anayelalamikia bidhaa mbovu kwamba yeye alimpeleka mtumwa huyu sokoni mara tatu, wateja wakampima urefu, wakamrudisha. Alipofika kwa jumbe akamvua tarbushi, akalivaa yeye, akamsukuma kwa bega hadi jumbe akanyanyuka, kisha akaketi kwenye kile kiti. Akakohoa kikohozi kile kile cha jumbe. Watu wakaanza kucheka.

"Mimi ndiye jumbe," alisema. "Natoa amri. Keshokutwa asubuhi kila nyumba mtu mmoja na jembe. Na wa kwanza kuingia shimoni ni huyu mtumwa wangu. Akikaa nje ataangukia humo, na tumbo hilo likiziba mfereji hakuna mvua itakayouzibua."

Jumbe hakukasirika. Alichukua bakora yake iliyokuwa imeegemezwa ukutani, akampa. "Shika na hii pia, mpagazi," akamwambia. "Wewe umezoea kubeba. Kichwa hicho bado kina bapa la mzigo."

Banda zima lilicheka. Kulikuwa na mama mmoja ambaye mumewe alikamatwa na askari mwaka ule mwingine, naye aliingia barazani amekunja uso; huyo alicheka hadi akafuta machozi kwa upande wa kanga, kisha akasema kama jumbe mwenyewe atashika jembe, yeye atakuja, na mumewe atakuja. Jumbe akasema atashika. Na keshokutwa yake alikuja kweli, kanzu ameipandisha na kuifunga kiunoni, na mshona magodoro akasimama ukingoni akimkemea kwamba anachimba kwa madaha kama Mzaramo aliyeitwa ngomani, huku naye akichota udongo. Watu walikuja wengi kuliko majembe. Mfereji ulikwisha kwa siku mbili, bila askari hata mmoja.

Nikarudi ofisini nikaandika ripoti.

Ni lazima nieleze nilivyoiandika, maana kosa lote limo humo. Kwetu, upande wa ziwa, utani upo, lakini ni wa shangazi na mashemeji, mambo ya nyumbani. Sikujua kwamba pwani kabila zima linaweza kuwa mtani wa kabila jingine, kwamba Mnyamwezi na Mzaramo wana ruhusa ya kutukanana, kunyang'anyana vitu, na kuvurugana hata msibani, wala haiwi kosa. Shuleni, walimu wetu wa misheni walituambia mizaha ya namna hiyo ni ukosefu wa adabu. Nilipowaona wazee wawili wakifanyiana vile mbele ya watu, niliona aibu kwa ajili yao wote wawili. Na nikiwa na aibu huwa nazidisha usahihi. Niliandika kila neno. Niliandika kwamba mtu mmoja, mkazi wa Temeke lakini mzaliwa wa bara, alimnyang'anya jumbe kofia yake, akamwondoa kwenye kiti, akajitangaza kuwa yeye ndiye jumbe, akamwita jumbe mtumwa wake anayeuzwa sokoni. Kicheko kilionekana kwangu kitu chepesi mno kwa karatasi ya serikali. Niliandika kwamba kulikuwa na kelele kubwa. Habari za mfereji kukamilika niliziweka ukurasa wa tatu.

Siku chache baadaye Bwana Shauri aliniita. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na uso wa manjano kwa sababu ya homa, alikula kidogo, na mara mbili aliwahi kuniuliza kama chumba changu kinavuja. Siku hizo vijana wa mjini walikuwa wameanza kufanya mikutano na kusema wazi kwamba serikali hii haikuchaguliwa na yeyote wetu, na kila barua iliyotoka makao makuu ilimtaka aangalie heshima ya utawala katika eneo lake. Alikuwa na ripoti yangu mkononi.

Aliisifu. Alisema ni ripoti safi kuliko zote alizowahi kuletewa na karani. Sikuwa nimewahi kusifiwa na mtu yeyote pale, na kwa muda mfupi, nakiri, nilijisikia vizuri. Kisha akaniagiza nipige taipu barua mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kumwita jumbe aje Jumamosi kuthibitisha kwamba alitukanwa. Ya pili ilikuwa amri: mtu yule aondolewe mjini na kurudishwa kwao bara kwa treni kabla ya mwezi kwisha. Sheria ilimruhusu kumwondoa mtu yeyote aliyeonekana kuvuruga mji. Bwana Shauri angeitia sahihi amri hiyo baada ya jumbe kuthibitisha.

Nilipaswa kusema pale pale. Nilikuwa na maneno kumi na mawili tayari, na kila neno nililipima kama litaonekana la ujuvi. Nilipomaliza kuyapima alikuwa amekwisha inama kwenye karatasi nyingine. Nikatoka. Nilipiga taipu ile amri mara nne, maana niliharibu karatasi tatu.

Nilirudi Temeke kwa miguu njia nzima ili nichelewe kufika. Mzee alikuwa uani na sufi yake, akanitupia fungu kama kawaida. Nikachambua kidogo, kisha nikamwambia yote. Sikumficha kwamba mwandishi ni mimi. Nilizungumza nikitazama mbegu.

Mwanzoni alicheka kidogo, akidhani bado kuna sehemu ya mwisho ya kisa. Alipoona haipo, akaendelea kuchambua.

"Uliandika kwamba walicheka?" aliniuliza.

Nikamwambia hapana. Nikamwambia niliandika kelele.

Akatikisa kichwa taratibu, kama fundi anayeonyeshwa mshono ulioachia na anaona palipoachia. Hakunigombeza. Ningetamani anigombeze. Aliniuliza tu treni hiyo inafika wapi siku hizi, na kama stesheni ya kwao bado iko pale pale, halafu akasema labda huko hawana hata sufi.

Mama alikuwa jikoni na alisikia kila neno. Alitoka na upawa mkononi, akasema yeye haendi bara, na mumewe haendi bara, na sufi iliyoanikwa iko palepale inasubiri mtu aiondoe juani. Akarudi jikoni. Wakati wa chakula aliniwekea kipande cha samaki cha katikati, kile alichoniwekea siku zote, na akangojea aone nimekila. Nilikila.

Nilimwambia mzee aende kwa jumbe akamwombe. Alikataa. Alinifafanulia kama unavyomfafanulia mgeni aliyekanyaga mkeka akiwa na viatu: mtani haombwi. Akienda kwa jumbe na uso wa kuomba, na jumbe akamsaidia kwa huruma, basi tangu siku hiyo kutakuwa na mkubwa na mdogo kati yao, na utani utakuwa umekwisha. Afadhali treni. Niliona ni ukaidi, kisha nikaona si ukaidi, kisha sikujua ninaona nini. Nikaamua kwenda mwenyewe.

Nilimkuta jumbe barazani kwake alasiri, barua ya Bwana Shauri imekunjwa mapajani. Nilimwamkia, akaitikia kwa shida. Nilianza kueleza makosa yangu kwa mpangilio niliokuwa nimeufanyia mazoezi njiani, akanikatiza, akasema anaijua barua, kasomewa mara mbili.

Kisha akanieleza hali yake, bila kunitazama. Mwaka ule majumbe wawili wa vitongoji vya jirani walikuwa wameondolewa kwa sababu serikali iliona hawaogopwi tena. Bwana Shauri anataka watu wakali, kwa ajili ya hao vijana wa mikutano. Yeye akisimama mbele ya Mzungu na kusema kwamba kofia yake ilivuliwa hadharani na hakujali, amejiandikia mwenyewe barua ya kuachishwa. Alikuwa akikipenda cheo chake cha ujumbe, hakunificha. Alipenda kuitwa, kupishwa njia, kusikia watu wakinyamaza anapokohoa.

"Na nikisema nilitukanwa," aliendelea, "atapelekwa. Halafu mie nitakaa kwenye kile kiti, nitatangaza amri, na watu watanitazama tu. Umewahi kutazamwa, bwana karani?"

Nikamwambia ndiyo. Ilikuwa kweli, ingawa si kwa namna aliyoikusudia.

Akaniambia nimwache afikiri. Sikumwuliza ataamua nini. Usiku wa siku hizo sikufanya lolote la maana zaidi ya kuisoma tena insha yangu ya chuoni, na niliiona kama imeandikwa na mtu aliyewahi kusikia habari za watu lakini hajakutana nao. Nilikuwa nimeandika kwamba utawala hudumu kwa sababu watu huamini una haki ya kuamuru. Sentensi nzuri. Lakini wale watu wa chini ya banda la bati hawakuamini serikali ina haki yoyote juu ya majembe yao. Walikuja kwa sababu mtu mmoja aliwapa nafasi ya kumcheka anayeamuru, na anayeamuru akakubali kuchekwa, na baada ya hapo kuchimba hakukuwa tena kuinamishwa shingo. Lile nililoliita uvunjaji wa heshima ndilo lililokuwa likiishikilia. Nami nililiripoti.

Jumamosi walifika wote wawili, kila mmoja kwa njia yake. Mshona magodoro alivaa kanzu aliyoazima, jumbe alivaa ile yake na tarbushi. Hawakusalimiana. Bwana Shauri alijua Kiswahili, kile safi cha vitabuni, na hakuhitaji mkalimani. Mimi nilikaa pembeni na kalamu ili niandike majibu. Ile amri ilikuwa mezani, imekamilika, inangoja sahihi.

Alimwuliza jumbe kama mtu huyu alimtukana mbele ya watu.

"Ndiyo, bwana," jumbe alijibu. "Alinitukana."

Kalamu yangu ilisimama. Mzee wangu aliangalia sakafu. Bwana Shauri akavuta ile karatasi karibu.

"Alinitukana siku ile," jumbe aliendelea, "na wiki ile nyingine, na mwaka jana, na siku nilipomzika mama yangu. Alikuja akalala ndani ya kaburi, akasema hatoki mpaka nimpe mbuzi. Nilikuwa sijala siku mbili. Nikacheka, bwana, nikala." Alivua tarbushi lake, akalishika kwa mikono miwili. "Ukimpeleka bara, mie nani atanizika?"

Bwana Shauri hakuelewa. Niliona usoni kwamba anajitahidi, na nikamwonea huruma kidogo. Alisema kuzikwa ni jambo la familia na msikiti, yeye anazungumzia heshima ya serikali. Ndipo mshona magodoro, ambaye hakutakiwa kusema chochote, akashindwa kujizuia.

"Kaburi lake halitasumbua, bwana," alisema kwa upole. "Ni mfupi."

Jumbe aliangua kicheko. Alijaribu kukimeza, kikamtoka puani, mabega yakamtikisika, na mzee wangu naye akaanza. Walicheka mbele ya ile meza, mbele ya ile amri, wazee wawili waliofika hapo bila kusalimiana. Bwana Shauri aliwatazama, kisha akanigeukia mimi. Aliniuliza kwa Kiingereza kama hivi ndivyo ilivyokuwa siku ile.

Nilisimama. Nilisema ndiyo, ndivyo ilivyokuwa. Nilisema ripoti yangu haikuwa sahihi: niliandika kelele mahali palipokuwa na kicheko, nikaweka mfereji mwishoni wakati ulitakiwa kuwa mwanzo, na kwamba mwaka uliopita askari sita hawakuweza kufanya kile kilichofanywa na mzaha wa mtu mmoja. Nilisema sikuwa na ujuzi wa desturi hiyo na nilipaswa kuuliza. Nilikuwa na hakika nimefukuzwa kazi.

Bwana Shauri akaniambia niiandike upya ripoti yote. Akaichukua ile amri, akaiweka kwenye droo, hakuitia sahihi. Kwa jumbe alisema maneno machache tu, kwa Kiswahili kilichonyooka: kwamba amemsikia, kwamba mtu huyu atabaki, na kwamba yeye, Bwana Shauri, anahitaji majumbe wanaojua kulinda nafasi zao.

Jumbe akasema ameelewa. Alikuwa ameelewa kuliko mtu yeyote mle ndani.

Tulirudi Temeke sote watatu kwa miguu. Wao walitangulia, mimi nyuma, na njia nzima walibishana ni nani atakayekufa kwanza, kila mmoja akidai heshima ya kumzika mwenzake vibaya. Mama alikuwa amesimama mlangoni tangu asubuhi. Alipomwona mumewe, alimwuliza tu jumbe kama ameshakula, akamwambia aingie.

Barua ilikuja baada ya Ramadhani. Niliipiga taipu mimi, tena safari hii bila kuharibu karatasi. Ilimshukuru jumbe kwa utumishi wa miaka mingi na kumwarifu kwamba nafasi yake amepewa mtu mwingine, kijana zaidi, aliyejua kusoma na kuandika. Sina neno baya juu ya huyo mpya. Alikuwa mwangalifu na mwadilifu, na alinichukua kama ndugu kwa sababu sote tulikuwa watu wa vitabu. Niliomba niipeleke barua mwenyewe badala ya tarishi.

Mzee wangu alikuwa pale barazani kwa jumbe, amekaa kwenye mkeka, akimsimanga kwa kuwa hakwenda kunyoa. Nilitoa barua, nikamsomea kwa sauti ya chini, nikiyapunguza makali pale nilipoweza. Jumbe alinisikiliza hadi mwisho. Alitia dole gumba kwenye kitabu cha kupokelea barua, akaufuta wino kwa majani ya mchicha yaliyokuwa karibu. Mzee wangu, ambaye kwa kila jambo alikuwa na neno, alisogea tu kwenye mkeka hadi bega lake likakutana na la mwenzake.

Nilikuwa nikitafuta namna ya kuaga. Wakaingia wanawake wawili, majirani, wanagombania ukuta wa makuti wa uani ambao mmoja aliusogeza wakati mwenzake yuko kilioni Kisarawe. Wote wawili wakaanza kueleza kwa pamoja. Jumbe aliinua mkono, akawaambia yeye si jumbe tena kuanzia leo, karani huyu hapa ni shahidi, waende kwa yule mpya. Ni mtu mzuri na anaandika.

Wanawake wakanitazama mimi. Nikathibitisha. Walitazamana wao kwa wao. Kisha yule mkubwa akavua kandambili, akakaa kwenye ncha ya mkeka, akavuta kanga kufunika miguu. Yule mwingine akakaa mbali naye kidogo, kwa hasira, lakini akakaa.

"Sisi tumeshafika hapa," alisema yule mkubwa.

Jumbe alimtazama mzee wangu. Mzee wangu akainua mabega.

Nilitakiwa nirudi ofisini na kile kitabu chenye alama ya dole gumba. Nilifikiria maelezo matatu ya kuchelewa kwangu, hakuna hata moja lililofaa. Nikavua viatu, nikaketi.

"Haya," jumbe alisema, "ukuta ulikuwa wapi kabla?"